Asiye na Nyumba Ana Chifu Gani?



Liko jambo mbele ya tawi letu, nalo limetugawanya. Imeombwa kwamba chama kitoe karani na meza, alasiri mbili kila juma, Kitale na Bungoma, pamoja na fedha kidogo za nauli kutoka katika ada, ili watu wenye ulemavu wanaolala nje wasaidiwe kupata haki zao kutoka kwa Serikali. Wako waliounga mkono. Wako pia waliosimama wakasema kwamba chama cha wafanyakazi si misheni wala si Msalaba Mwekundu, na kwamba senti ya mfanyakazi ni ya mfanyakazi. Kura itapigwa katika mkutano wa mwisho wa mwezi. Sisi tunaoandika ukurasa huu tu upande wa ndiyo, na twataka kila mwanachama ajue sababu zetu kabla hajainua mkono.

Kwanza, ni watu gani hawa? Ndugu waliosema hapana huzungumza kana kwamba ni taifa jingine lililoanguka na mvua. Basi na wapite Kitale saa nne za usiku, kwenye baraza za maduka yaliyo karibu na stendi, au washuke mpaka Kipsongo. Na wapite Bungoma mjini, na Kanduyi pale malori yanapolala. Wasiende na mkate tu, waende na swali: Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani? Watajibiwa. Huyu alikuwa akilisha mashine ya kupukuchua mahindi katika shamba kubwa la Trans-Nzoia, ikamla mkono. Yule alikuwa mpakiaji wa miwa, trela likampanda mguu. Mwingine alikuwa akipasua mbao. Wako vijana wa bodaboda waliokatwa mguu hospitalini, na walipotoka wakakuta pikipiki imechukuliwa na mwenyewe na chumba kimefungwa kwa kufuli la mwenye nyumba. Wako waliozaliwa vipofu au viziwi, wakalelewa na mama. Mama akafa, ndugu wakagawana shamba, na katika kugawana huko wao hawakuhesabiwa. Hawa wa mwisho ni wengi kuliko mnavyodhani.

Wako pia walioteremshwa na vita. Tangu 2006 hadi 2008 kule Mlima Elgon, upande wa Cheptais na Kapsokwony, vijana wa SLDF waliua watu na kukata wengine masikio kwa sababu ya ardhi ya Chepyuk. Kisha Machi 2008 likaja jeshi na operesheni yake ya Okoa Maisha, na wako walioondoka katika mikono ya jeshi hali hawawezi tena kushika jembe. Katika miezi ile ile machafuko ya uchaguzi yalijaza watu katika uwanja wa maonyesho wa Kitale. Wengi walirudi makwao. Wasiokuwa na pa kurudi walibaki mijini, na miongoni mwao mwenye mwili uliovunjika ndiye aliyekosa kibarua, na aliyekosa kibarua ndiye aliyekosa chumba.

Hao ndio watu wenyewe. Ni wafanyakazi wa jana, na wengine ni watoto wa wafanyakazi.

Sasa tuitazame haki yenyewe, maana wako wanaodhani twakwenda kuomba sadaka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imesema kwamba Serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Haikusema wale wenye nyumba. Na tangu 2011 uko mpango wa kuwalipa watu wenye ulemavu mkubwa, ambao leo ni sehemu ya Inua Jamii. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa kwa miezi miwili pamoja, pengine kwa kuchelewa sana. Kiasi hicho hakikuongezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo gorogoro la mahindi limepanda bei mara ngapi, ninyi mwajua vema kuliko Hazina. Ni pesa ndogo, lakini kwa mtu anayelala chini ya dirisha la duka, 2,000 ni kodi ya chumba cha udongo, na akiwa na chumba ameanza kuwa mtu mbele ya macho ya jirani.

Tazameni hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya laki 9 wenye ulemavu nchini. Si wote wenye ulemavu mkubwa, twakubali. Lakini kwa miaka mingi mpango huo wa pesa uliwalipa watu wa kaya kama 47,000 tu, Kenya nzima. Tena 2018 Serikali iliwahesabu watu wa mitaani, ikapata 46,639 katika nchi nzima, wakubwa kwa wadogo, wazima kwa walemavu. Ukiwatoa wazima, wale wenye ulemavu waliobaki hawawezi kuishinda Serikali inayonunua magari kama tunavyoona ikinunua.

Basi kwa nini hawapati? Wengine husema ni wajinga, hawajui haki zao. Sivyo. Wengi wamesikia redioni na wamejaribu. Shida ni kwamba njia ya kufikia pesa hizo ilichorwa na mtu mwenye nyumba kwa ajili ya mtu mwenye nyumba.

Huwezi kuanza bila kitambulisho. Mtu anayelala nje kitambulisho chake kimelowa, au kimeibiwa pamoja na koti, au kilikuwa ndani ya mfuko uliotupwa katika lori la taka siku askari wa kanjo walipofagia baraza. Ili apate kingine aende polisi achukue barua ya upotevu, na polisi ndio watu anaowakimbia kila usiku. Akipata kitambulisho aende hospitali ya Serikali iliyoruhusiwa, akakaguliwe na jopo la madaktari, ambao hawakai kila siku. Karatasi yao ipelekwe ikathibitishwe, kisha ombi liingizwe katika eCitizen ili Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limpe kadi. Tuseme ni kipofu. Tuseme hana simu. Nani atamwingizia? Ataingiziwa na kijana wa saiba, naye kijana wa saiba ataka chake.

Na kadi hiyo, ndugu, siyo pesa. Wengi hudhani akishapewa kadi mambo yamekwisha. Kadi yasema tu kwamba mtu huyu ni mlemavu. Ili aingie katika Inua Jamii ni lazima aorodheshwe lokesheni, na mzee wa mtaa na chifu wamtambue, na afisa wa maendeleo ya jamii ampitishe, tena wakati ule tu uandikishaji unapofunguliwa. Hospitali ni ya kaunti. Chifu ni wa Wizara ya Usalama. Baraza na pesa ni za wizara nyingine. Kila mlango una bwana wake, na kila bwana aweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba kosa si lake.

Katika mlango wa chifu ndipo wengi hukwama, na hapa Kitale na Bungoma hukwama kwa namna yao wenyewe. Twatoa mfano mmoja bila kutaja afisi yoyote, maana hatumwindi karani mmoja. Yuko mzee aliyezaliwa upande wa Bungoma, akaja Trans-Nzoia kijana, akafanya kazi katika mashamba ya mahindi maisha yake yote, mpaka macho yakafa. Alipokwenda kuandikishwa Kitale akaambiwa: wewe si wa hapa, kitambulisho chako chasema Bungoma, nenda kwenu. Akashikwa mkono na mtoto, wakapanda matatu, wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa, wakapita Webuye, mpaka lokesheni ya baba yake. Huko akaulizwa: boma lako ni lipi? Nani anakujua? Wewe uliondoka zamani, watu wako wamekufa, kaya yako haipo katika kitabu chetu. Rudi huko ulikokaa. Nauli ile aliiomba sarafu kwa sarafu. Akarudi kwenye baraza lake, na siku hizi mtu akimtajia Inua Jamii hucheka tu.

Je, mtu huyu ni wa nani? Jasho lake limo katika magunia ya Kitale, na jina lake limo katika kitabu cha Bungoma, na pande zote mbili zimemkana. Wangapi kati yetu tunaosoma karatasi hii tuko hivyo hivyo, kazi huku na kitambulisho kule? Tofauti ni kwamba sisi bado tuna mshahara.

Wazee wanakumbuka kipande. Tangu 1920 Mwafrika alitiwa shingoni kijisanduku cha bati, na ndani yake karatasi iliyosema yeye ni kabila gani, chifu wake nani, bwana wake nani. Kazi ya kipande ilikuwa kumkamata anayetoroka kazini. Vyama vya wafanyakazi vilipigana nacho, na kwa haki. Lakini angalieni maajabu: swali la chifu wako nani lingali linaulizwa. Zamani liliulizwa ili mtu asiondoke, na sasa laulizwa ili mtu asiingie. Sheria ya wakoloni ya uzururaji nayo ilifutwa 1997, lakini sheria ndogo za miji zatosha kumtupa mtu ndani ya lori. Hatujasahau ya Nakuru, Februari 2019, watu wa mitaani walipochukuliwa usiku wakatupwa katika msitu wa Chemususu huko Baringo, watoto wakiwamo. Kwa kuwasafirisha kwenda msituni petroli ilipatikana. Mbona petroli ya kumfikisha mlemavu kwa daktari haipatikani?

Liko neno jingine katika mpango huu ambalo twaliona baya kuliko yote, na hatujui kama waliolitunga walilitafakari. Pesa ni za mwenye ulemavu mkubwa, na ulemavu mkubwa maana yake ni yule asiyeweza kufanya lolote bila kutunzwa mchana na usiku. Tena pesa hupitia kwa mtunzaji wake. Sasa mchukueni mtu asiye na miguu anayejivuta juu ya kipande cha tairi kutoka stendi mpaka sokoni. Ataambiwa: wewe waweza kujiendesha, tumekuona. Anajiendesha kwa sababu asipojiendesha atakufa! Na ataulizwa mtunzaji wake yuko wapi. Angekuwa na mtunzaji angelala nje? Hivyo mwenye nyumba na mke na watoto wa kumbeba amepita, na hatumwonei wivu, lakini aliyeachwa na wote amefungiwa nje kwa sababu hiyo hiyo ya kuachwa na wote.

Twaja kwa ndugu zetu wa hapana. Mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba wengi wa wale ni waongo, mchana vilema na usiku wanacheza dansi. Labda wako. Madaktari watatu wanakaa pale kwa kazi hiyo hiyo, ya kumjua kilema wa kweli na wa uongo. Tawi halitampa mtu ulemavu. Litampeleka tu mahali pa kupimwa.

Mwingine alisema wakipata pesa watakunywa. Na mshahara wetu haunywewi? Mwenyekiti akitaka, twaweza kumtajia vilabu. Hata hivyo hakuna mwajiri ambaye sheria imemruhusu kuzuia mshahara wetu kwa kuwa Jumamosi tulionekana tukiyumba.

Hoja ya ada ndiyo nzito, nayo yastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba ada ni jasho. Lakini jiulizeni kwa nini yule wa mashine ya mahindi yuko nje. Liko jambo liitwalo Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini ya 2007, nayo yasema mwajiri amkatie bima mfanyakazi, na anayeumia kiasi cha kutoweza kazi tena kabisa hulipwa ujira wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka 8 ya mshahara! Mtu angelipwa hivyo asingelala chini ya dirisha la mtu. Lakini madai hayo hupelekwa kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Nyapara alimwambia atulie, bwana atamfikiria. Bwana alimnunulia magongo na kumpa gunia la mahindi, na miezi 12 ikapita. Aliyekuwa akichanga NSSF naye hakuambiwa kwamba kuna malipo ya asiyejiweza tena, hakungoja mpaka awe mzee.

Basi meza inayoombwa ni meza moja kwa kazi zote mbili. Karani atakayejua njia ya hospitali na ya Baraza ndiye atakayejua fomu ya ajali. Leo atamwandikia mzee kipofu asiye mwanachama, na kesho atakuandikia wewe uliyekatwa vidole kiwandani kabla miezi yako 12 haijaisha. Na wale wanachama wetu wenye ulemavu ambao wako kazini, hata wao wana haki yao: mapato yao mpaka shilingi 150,000 kwa mwezi yasitozwe kodi, wakiwa na cheti. Wangapi wamekichukua cheti? Tuliuliza katika viwanda viwili, tukatazamwa kama tumetoka mwezini.

Na tusisahau wa bodaboda, ambaye hana mwajiri wa kumdai. Pikipiki si yake, bima yake ni mawazo tu, na chama hana. Huyo mlango wake ni Inua Jamii au hakuna.

Tena husemwa kwamba maskini wa mitaani hachangii kitu. Akinunua sabuni au kiberiti amelipa kodi dukani kama waziri. Risiti haiulizi mnunuzi analala wapi.

Hatuombi meza tu. Twataka tawi liiambie Serikali, kwa barua na kwa wajumbe, mambo ambayo hayahitaji Bunge wala mkopo. Mtu aandikishwe pale anapolala, si pale alipozaliwa babu yake. Afisi ya chama, kanisa au msikiti ikubaliwe kuwa anwani ya asiye na anwani. Asiye na mtunzaji apewe pesa mkononi mwake, au achague mtu anayemwamini mbele ya mashahidi. Na madaktari waje stendi siku moja kwa mwezi, badala ya kumngoja mtu asiye na miguu apande ngazi zao. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 na ile mpya ya 2025 zote zimetaja asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa ajili yao. Tutakapoketi na waajiri tutawauliza asilimia 5 yao iko wapi, lakini hiyo ni habari ya ukurasa mwingine.

Kuhusu kazi ya meza yenyewe, hatutaki pawe na uvumi, kwa hiyo twaiandika wazi. Karani atamwandika kila atakayekuja, atampa barua ya tawi yenye muhuri, na mwanachama mmoja atafuatana naye, kwa polisi, kwa hospitali na kwa chifu. Tumeona kwamba mlemavu akienda peke yake huambiwa njoo kesho, na akienda na watu wawili wenye kalamu kiti hupatikana. Akikataliwa, mwanachama hataondoka mpaka sababu iandikwe. Katiba, kifungu cha 47, yampa kila mtu aliyeumizwa na uamuzi wa afisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo itatiwa katika faili, nasi tutaipeleka kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina afisi hapa hapa Kitale. Wako machifu wema, twawajua, walioandika barua za kumtambua mtu bila kumzungusha. Hao tutawashukuru kwa majina katika karatasi hii, wakiruhusu.

Karani hatapokea senti kutoka kwa mtu yeyote. Hatashika simu ya mtu, wala kitambulisho chake kulala nacho, wala namba yake ya siri. Twasema hivi kwa sababu madalali wako tayari, nao huchukua nusu ya pesa kwa kazi ya kubonyeza simu. Atakayeonekana akifanya hivyo kwa jina la chama ataletwa mbele ya kamati.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane za mchana, Kitale. Wanachama wa Bungoma na Webuye watalipiwa matatu kwenda na kurudi, mradi waje na kadi za chama. Kila mjumbe wa kiwanda au shamba na alete orodha ya watu walioumia kazini tangu mwaka jana, na tarehe ya ajali ya kila mmoja, hata kama mtu amekwisha kufukuzwa. Anayemjua mlemavu alalaye nje alete jina lake, mahali anapolala na kazi aliyoifanya zamani. Mzee yule wa mashamba ya mahindi ameahidi kuja. Twahitaji mtu wa kumshika mkono kutoka stendi.